Tubuni, Enyi Mafundi wa Kila Kitu

Vijana wa Mtama, nasema nanyi mlioinamia laptopu za mtumba katika vyumba vya kupanga, kuanzia mjini hapa hadi Nyangao na Mahiwa. Nasema nanyi mnaongoja usiku wa manane ili bando liwe nafuu, mkatazama masomo ya kutengeneza tovuti mpaka adhana ya alfajiri inawakuta macho. Mmejifunza kupanga ukurasa, kuchagua rangi, kuandika msimbo, kupandisha kazi kwenye seva. Hakuna aliyewashika mkono. Hongereni sana. Na baada ya hongera hiyo, nimekuja kuwaita mtubu.

Mtubu nini? Mtubu lile tangazo mnaloliweka kwenye statasi: "Natengeneza tovuti, nembo, kadi za harusi, video, programu za simu, mfumo wa duka, na kuflashi simu." Yote hayo mtu mmoja, namba moja. Ninyi mnadhani mmejisifu. Mimi nasoma ungamo. Mwenye akili akilisoma anajua kwamba kazi yake itasimama siku ukishikwa na malaria, itasimama ukifiwa, itasimama ukiitiwa kibarua Dar es Salaam. Mtaka yote hukosa yote, na mteja wake hukosa pamoja naye.

Mtazameni Musa. Waislamu mnamjua, Wakristo mnamjua, kwa hiyo hapa hakuna wa kuniambia somo hili ni la watu wa upande wa pili. Alipotumwa kwa Firauni hakujibu kwamba ataweza peke yake. Aliutazama ulimi wake akauona mzito, akaomba apewe ndugu yake Haruni amsaidie, kwa kuwa Haruni alikuwa mfasaha. Nabii mzima! Aliyesemeshwa na Mungu! Anakiri mbele ya Mola wake kwamba ndani ya ujumbe aliopewa imo kazi isiyo yake. Na baadaye jangwani, kama Kitabu cha Kutoka kinavyosimulia katika sura ya 18, mkwewe alimkuta amekaa tangu asubuhi hadi jioni akiamua mashauri ya watu wote, watu wamesimama wanangoja, akamwambia waziwazi kwamba atajichosha na kuwachosha watu. Aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Yeye abaki na mashauri makubwa. Musa hakununa eti kwa sababu shauri limetoka kwa mkwe. Akafanya hivyo.

Wewe kijana wa Mtama una ukubwa gani hata ushindwe kumwambia mwenzako: maandishi ya tovuti hii andika wewe, mimi sijui kuandika?

Masomo mnayoyatazama yanawafundisha zana. Leo WordPress, kesho Figma, keshokutwa kitakuja kingine na hiki kitasahauliwa. Swali la nani anafanya nini, kwa tarehe gani, na kauli ya mwisho ni ya nani, halijabadilika tangu jangwani, na ndilo ambalo hamkufundishwa. Hata anayetoka chuoni anajua kupima picha kwa pikseli, hajui kupima kazi kwa siku. Anaandika msimbo safi, lakini mwambie aandike hadidu za rejea, anakodoa macho. Anapata kazi kwenye kampuni, anaingia kikao cha kwanza, anaulizwa: kazi yako inamngoja nani, na ni nani anayekungoja wewe? Hana jibu. Hajawahi kungojwa na mtu.

Mtasema haya ni mambo ya Wazungu na maghorofa yao. Nyamazeni kidogo, niwapeleke Tendaguru.

Kilima kile kiko mkoa huu huu wa Lindi, na babu zetu walikuwa ndio mikono yake. Kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yalichimba pale mifupa ya dinosaria. Werner Janensch na Edwin Hennig waliongoza upande wa sayansi, na msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Msimu ulipopamba moto watu wa kazi walifika kama mia tano. Reli hakuna, gari hakuna. Mifupa zaidi ya tani 200 ilishuka hadi bandari ya Lindi vichwani na mabegani mwa wapagazi, safari ya siku kadhaa kwa miguu, ndipo ikapakiwa melini.

Hebu ifikirini kazi ile ilivyogawanywa. Mwenye sururu hakuwa ndiye mchora ramani ya shimo. Aliyeusafisha mfupa hakuwa ndiye aliyeubeba hadi Lindi. Walikuwepo wa kushughulika na mianzi, maana mifupa dhaifu ilifungwa kwa mianzi na udongo isije ikavunjika njiani. Watu wote hao wale, wanywe, walipwe, na maji yapatikane. Kila shimo lilipewa alama, na mfupa ukatembea na alama ya shimo lake. Mifupa mingi ya yule dinosaria mrefu anayesimama Berlin hadi leo, zaidi ya mita 13 kwenda juu, ilitoka kwenye shimo lililoandikwa S II. Kiunzi chake kilisimamishwa 1937, zaidi ya miaka 20 tangu uchimbaji ule ukome. Kingesimamaje, kama mfupa ungefika Berlin bila kuandikwa ulikotoka? Ninyi mafaili yenu mnayaita "mwisho", "mwisho2", "mwisho kabisa", "mwisho kabisa hii ndiyo", na baada ya wiki mbili hamjui ni lipi mteja alilikubali!

Sisifu ukoloni. Ilikuwa miaka michache tu baada ya Majimaji, kusini imechomwa moto na kuuawa kwa njaa, na mifupa ile iliondoka bila babu zetu kuulizwa. Madai ya kurudishwa kwake yamefika mpaka bungeni. (Na hata Wajerumani wenyewe hawakumaliza kazi: vipo vifurushi vya mianzi vilivyokaa Berlin zaidi ya karne bila kufunguliwa. Kukusanya kazi nyingi kuliko unazoweza kuzimaliza ni ugonjwa wa mataifa yote.) Ila msiwaachie wao sifa ya utaratibu ule, kwa sababu waliouendesha shimoni na njiani walikuwa watu wa huku. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei: sehemu ya kwanza ni Wamwera, ndiyo, sisi, ya pili ni Mohammadi Keranje, aliyeshiriki uchimbaji ule. Karne nzima baadaye! Na wale mamia waliobeba vichwani, majina yao yako wapi? Hatunayo. Wote walifanya kazi. Wachache tu ndio ambao mtu alichukua kalamu akayaandika majina yao kando ya kazi yao.

Miaka ile ile ya uchimbaji wa Tendaguru, ng'ambo ya pili ya bahari, Mmarekani Henry Gantt alikuwa akieneza michoro yake ya mistari, kila mstari ukionyesha kazi inaanza lini na inaisha lini. Leo programu nyingi za kusimamia miradi zina mchoro wa Gantt. Msikimbilie kulipia programu. Daftari la hesabu lenye viboksi linatosha: kazi upande wa kushoto pamoja na jina la mwenye kazi, tarehe juu, paka viboksi rangi.

Sasa njooni kwenye tovuti zenyewe. Mwaka 2017 tovuti za mikoa 26 ya Bara na halmashauri 185 zilizinduliwa kwa mkupuo mmoja. Wengine wanakumbuka uzinduzi na hotuba. Mimi nakumbuka kwamba waliofundishwa kuziendesha walikuwa watu wa namna mbili, Afisa TEHAMA na Afisa Habari. Mmoja anaujua mfumo, mwingine anaijua habari. Fungua tovuti ya halmashauri yoyote nchini utajua papo hapo kama wawili hao wanaongea: tangazo la juu kabisa likiwa la juzi, wanaongea. Likiwa la mwaka juzi, kila mmoja anamngoja mwenzake.

Na wakubwa nao huanguka. Tarehe 1 Oktoba 2013 Serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov. Fedha zilikuwepo kwa mamia ya mamilioni ya dola, makampuni kwa makumi, wataalamu tele. Siku ya kwanza waliofaulu kukamilisha kujiandikisha walikuwa watu sita. Si sita elfu. Sita! Wakaguzi walipochunguza waliona, pamoja na mengine, kwamba uongozi haukuwa wazi. Kila kampuni ilikuwa na kipande chake na mradi mzima haukuwa na mwenyewe. Wahenga wa pwani hii walishasema, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Tena msidhani dawa ni kujazana. Fred Brooks, aliyesimamia programu kubwa za IBM miaka ya 1960, aliandika mwaka 1975 kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliokwisha kuchelewa, unauchelewesha zaidi. Hesabu yake mnaiweza: watu watatu wana njia tatu za kuelezana, watu kumi wana njia 45, na katika kila njia neno laweza kupotea.

Hapo ndipo ninapogombana na vikundi vyetu. "Umoja ni nguvu," mnasema, mnakusanyana, mnakwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii kuandikisha kikundi mpate mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo vijana mna asilimia 4 yenu. Vizuri, nendeni, ni haki yenu. Katiba mnaiandika. Mwenyekiti yupo, katibu yupo, mhazini yupo. Nani dizaina? Kimya. Nani anaongea na mteja? "Sote." Nani ataijaribu tovuti kabla ya kuikabidhi? "Tutaona." Mmegawana vyeo, kazi mmeiacha yatima! Umoja wa namna hiyo ni kichaka cha kujifichia mvivu, na aibu ikija hana mwenyewe, ni ya "kikundi".

Basi tuigawe leo hii. Semeni mmepata kazi ya chama cha msingi, AMCOS ya ufuta na korosho. Mkulima wa hapa anauza kwa stakabadhi ghalani, na minada siku hizi inapita kwenye mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa, TMX. Chama kinataka tovuti ya kutangaza tarehe za mnada, bei iliyofikiwa, na malipo yamefika wapi. Mna tarehe moja isiyosogea: mnada wa kwanza wa ufuta. Hautawangoja. Hesabuni siku mkirudi nyuma kutoka hapo.

Msimamizi wa mradi ni nani kati yenu? Asichaguliwe kwa sababu laptopu ni yake. Huyu ndiye mwenye kalenda, ndiye anayeandika hadidu za rejea, ndiye anayejua kila asubuhi kazi ipi imekwama na kwa nani. Fadhila yake kubwa ni ujasiri wa kupiga simu Jumanne kusema kwamba kazi ya Ijumaa haitakamilika, badala ya kuzima simu Ijumaa. Mkimpata mtu wa namna hiyo, hata kama hajui kuandika mstari mmoja wa msimbo, mshikeni kwa mikono miwili.

Dizaina wenu asianze na rangi. Aende ghalani akakae na wakulima, aone wanachokitafuta kwanza kwenye ubao wa matangazo, kisha ndipo achore. Developa anajenga, na juu yake kuna amana: orodha ya wanachama ina majina, namba za simu na akaunti za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Taarifa za mkulima hazianikwi hadharani kwa uzembe wa kijana mmoja. Halafu awepo mjaribu. Mjaribu achukue simu ya bei ya chini kabisa, aende Rondo au Sudi, kwenye mtandao wa kusuasua, auite ukurasa. Ukichelewa kufunguka, kazi haijakwisha, hata kama kwenye laptopu inameremeta. Mtu anaweza kuvaa kofia mbili, timu ni ndogo. Lakini asijaribu kazi yake mwenyewe. Hakuna mama aliyewahi kumwona mwanawe ana sura mbaya.

Nimemwacha mwandishi makusudi, kwa sababu ndiye mnayemdharau kuliko wote. Ninyi mnadhani tovuti hucheleweshwa na msimbo. Hucheleweshwa na picha ya mwenyekiti wa chama ambayo "italetwa kesho"! Hucheleweshwa na historia ya chama iliyo kichwani mwa mzee mmoja, na mzee yuko shamba. Mnajaza ukurasa kwa maneno ya Kilatini yasiyo na maana, mnasema maandishi yatakuja, na maandishi yakija ni marefu mara tatu ya nafasi mliyoiacha. Dizaini yote inavunjika. Mwandishi aanze kazi siku moja na dizaina. Aende na kinasa sauti kwa mzee, amsaili, aandike Kiswahili ambacho mkulima atakisoma akiwa amesimama juani. Na kwenye mpango kazi, jina la mteja nalo liandikwe: picha, katibu wa chama, tarehe fulani. Mteja ni mmoja wa timu, ana kazi zake, na tarehe zake zikipita bila yeye kuleta, zenu zinasogea kwa maandishi.

Hadidu za rejea zisizidi ukurasa mmoja, lakini ziseme mambo mawili: kitakachofanyika, na kisichofanyika. La pili ndilo linalookoa. Ndugu zangu, hapa ndipo jasho lenu linapovuja. Mmekubaliana kurasa sita, wiki ya tatu mwenyekiti anasema, "Wanangu, kidogo tu, wekeni na mahali pa kuwatumia wanachama SMS." Mnaona haya, mnaitikia. Hicho "kidogo tu" kinakula wiki mbili na faida yote. Adabu si kuitikia kila kitu. Adabu ni kusema: "Shikamoo mzee. Hilo linawezekana kabisa. Litaongeza siku kadhaa na gharama hii hapa. Tuliandike kama nyongeza ya mkataba, au tulisubirishe hadi awamu ya pili?" Mzee aliyeuza korosho maisha yake yote anajua mzani. Atawaheshimu zaidi.

Taratibu za kila siku ni nyepesi. Ukutani bandikeni safu tatu: Bado, Inafanyika, Imekwisha. Kila kazi karatasi yake, jina juu yake, na kazi yoyote inayozidi siku mbili ikatwe vipande. Asubuhi simameni robo saa, kila mtu aseme alichomaliza, anachokifanya, kinachomkwamisha. Sikuyabuni mimi: Ken Schwaber na Jeff Sutherland waliutangaza mtindo wao wa Skramu mwaka 1995, na mwaka 2001 watu 17 wakakutana Utah, Marekani, wakaandika Ilani ya Ajaili, wakisisitiza programu inayofanya kazi na kuwa karibu na mteja. Yasomeni, yapo bure, kwa bando lile lile la usiku. Kila mwisho wa wiki mwonyesheni mteja kilichopo, hata kama ni ukurasa mmoja. Akasirike mapema, wakati hasira yake bado ni ya bei rahisi.

Na mpango kazi wa mtu wa kusini lazima uwe na ukurasa wa balaa. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, mafuriko yakakata barabara ya Dar es Salaam huko Kilwa. Tarehe 12 ya mwezi huo huo nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu, intaneti ikayumba nchi nzima. Mwenye kazi yake yote kwenye seva ya mbali, bila nakala mezani, alikaa akitazama duara linazunguka. Wekeni nakala kwenye mashine mbili, za watu wawili, nyumba mbili. Umeme ukikatika, nani ana betri iliyojaa? Andikeni jina.

Mwisho wa mradi ni makabidhiano, na hapo ndipo wengi mnapokosa uaminifu bila kukusudia. Jina la kikoa, liwe la .or.tz au .co.tz, lisajiliwe kwa jina la chama, si la dizaina. Hulipiwa kila mwaka. Hati ya makabidhiano itaje nani wa chama atalipia, tarehe ipi, na namba ipi itakumbushwa. Nywila ziwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, mbele ya katibu na mhazini wa chama, kisha zibadilishwe wao wakiwapo. Mketisheni karani wa chama kwenye kompyuta, mwambieni apandishe tangazo la mnada, nanyi kaeni kimya, mikono mapajani. Akishindwa, hamjamaliza, rudini kesho. Akiweza, ombeni sahihi, pokeeni salio, gawaneni kama mlivyoandikiana siku ya kwanza. Kisha fungueni daftari ukurasa mpya, andikeni jina la mradi wa pili, na safari hii msimamizi awe yule aliyekuwa akilalamika kuliko wote.